Nondo wa Faki

Asiyekesha hampi nondo jina. Ndivyo Bi Mwanaidi alivyomjibu diwani jana, diwani huyo alipotaka kibao chenye jina lake kibandikwe kwenye kisima mlichochimba nyinyi vijana. Mlicheka, kisha mkaniuliza maneno yale yametoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo Mize binti Kombo, mzaliwa wa kisiwa hiki, aliyesomea elimu ya wadudu. Ofisi moja ya mjini ilimwajiri aandike nondo wote, wale vipepeo wa usiku, wa msitu wetu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaandika. Akamchukua jirani yake, Faki Makame, hodari wa kuchora. Masika yale wawili hao walishinda na kukesha msituni. Walitundika shuka jeupe kati ya miti, wakawasha taa mbele yake, wakangoja nondo waje kutua. Mbu waliwala, mvua iliwapiga. Faki alishikwa na homa, akapona, akarudi. Ikamshika tena, naye akakataa kulala nyumbani. Ni katika homa hiyo ya pili alipomwona nondo ambaye Mize hakumkuta katika kitabu chochote: rangi ya kuvu la miti, na mstari mwekundu ukingoni mwa bawa. Akamchora hapo hapo mbele ya taa.

Masika hayakuisha, Faki akafa.

Kazi ilipokamilika, mkubwa wa ofisi, Bwana Ghalib, alikuja na wageni wake. Watu wakaitwa skuli. Mize alipoingia ukumbini aliona michoro ya Faki imepamba ukuta mzima, na jina la Faki halipo popote. Mamake Faki, Bi Time, alikuwa amesimamishwa nje dirishani. Viti, aliambiwa, ni vya wageni.

Bwana Ghalib akasimama, akatabasamu. "Nondo huyu mpya tunampa jina la mheshimiwa aliyetufungulia ofisi yetu."

Makofi yakapigwa. Mize akainuka.

"Bwana Ghalib, mheshimiwa huyo aliingia lini msituni?"

"Bi Mize, mambo hayo tutazungumza ofisini."

"Tutazungumza hapa hapa. Faki amezikwa nyuma ya msikiti ule. Wewe ulilala mjini, mheshimiwa kalala kwake. Nani kati yenu alikesha?"

"Kaa chini!"

"Sikai! Asiyekesha hampi nondo jina!"

Kisha pale dirishani Bi Time akayarudia maneno yale, sauti imejaa kilio. Wanawake waliosimama naye wakayapokea, na wanaume wa ndani wakafuata, mpaka wageni wakaondoka bila kuonja hata kijiko cha pilau.

Msidhani haki ilitendeka. Jina la mheshimiwa ndilo lililochapwa vitabuni, na hadi leo limo. Mize aliachishwa kazi, akaishia kusomesha watoto skuli ile ile. Lakini jina lile halijatamkwa na mtu wa kisiwa hiki. Nondo yule akitua ukutani, hata mtoto mdogo atakwambia, "Huyo nondo wa Faki."

Na yeyote aliyelala usingizi wake wote, akaamka kudai sifa ya jasho la wenzake, kwetu huambiwa neno moja tu: asiyekesha hampi nondo jina.