Bomba Lililomwita Jirani

Mazoea yana taabu ni methali fupi yenye mkia mrefu. Maana yake ni kwamba jambo ulilolizoea, hata likiwa jema, huweza kukuponza siku usiyoitazamia. Asiyeamini na aende akamuulize Mzee Spana, mlinzi wa bwawa moja lenye kambare wanene kiasi kwamba mmoja akipiga miayo, kina cha maji hupungua.

Kazi ya Mzee Spana ilikuwa kufungua mlango wa chuma bwawa lilipofurika. Kabla ya kuufungua, sharti agonge bomba lililokuwa kando yake kwa spana kwa nguvu, ngo! ngo! ngo!, ili wanaofua nguo katika mfereji ulio chini ya mlango watoke. Kila mtu alijua: bomba likilia, kimbia.

Kila mtu, isipokuwa korongo mmoja.

Mkewe alipofariki, nyumba ya Mzee Spana ilinyamaza kama mtungi mkavu. Wanawe walikuwa mbali, na simu zao zilikuja kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Ndipo akatua korongo huyo, mwembamba kama mwavuli uliofungwa. Mzee akamrushia dagaa. Mwanzoni ndege alikula kwa mbali, shingo upande, kama mkwe ugenini. Mwishowe akawa anasimama chini ya mlango wenyewe wa bwawa, akingoja. Mzee alimpa jina la Jirani, na alipotaka kumwita, aligonga bomba lile lile, ila polepole.

"Shemeji, umeoa tena?" Dobi alimtania. Alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, na ulimi wake ulikuwa moto kuliko pasi yake.

"Huyu angalau hadai kanga mpya."

"Cheka tu. Bomba hilo linatufukuza sisi, wewe umelifanya kengele ya chakula. Atajuaje lipi ni lipi?"

"Ninyi nawagongea kwa nguvu, yeye kwa upole. Tena ana mabawa, shemeji! Wewe una nini, zaidi ya beseni?"

Dobi alicheka, lakini hakuridhika.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa kunyesha milimani, maji yalipanda ghafla. Ukuta wa bwawa ukaanza kutoa sauti kama mzee anayeinuka kitini. Chini, Dobi na wenzake walikuwa wameinama juu ya mapovu. Mzee Spana alishika spana. Alijua atakayekuja akigonga. Alijua pia watakaokufa asipogonga.

Aligonga kwa nguvu zake zote.

Wafuaji walitupa mabeseni wakapanda ukingoni. Na kutoka kwenye matete, Jirani aliruka, akatua mahali pake pa kila siku, akainua macho.

"Ondoka! Nenda, Jirani, nenda!" Mzee alipiga kelele, akamtupia jiwe.

Korongo alilifuata jiwe kwa mdomo wazi. Maisha yake yote na mzee huyo, kilichorushwa kilikuwa chakula. Mzee akatupa kofia. Ndege akasogea karibu zaidi na mlango. Ukuta ukalia tena. Mzee Spana alifumba macho, akazungusha gurudumu la mlango, na maji yakamzoa ndege kabla hajakunjua mabawa.

Maji yalipotulia, Dobi alipanda ngazi akiwa amelowa, mikono mitupu. Mara hii hakuwa na utani. Alimkuta shemejiye amekaa sakafuni, amekumbatia kikopo cha dagaa.

"Umetuokoa, shemeji."

"Alikuwa akinitazama mimi," alisema mzee. "Hakuutazama mlango hata kidogo. Alinitazama mimi."

Dobi akakaa kando yake, akakichukua kikopo taratibu, akakifunika.

Tangu siku hiyo bomba hulia kwa hatari pekee. Na kila linapolia, Mzee Spana huyatazama matete kwanza, akiomba kisiruke chochote. Na hakuna kirukacho. Ama kweli, mazoea yana taabu.