Hina Katika Maji ya Shuraihi

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wao na sisi, kwamba palikuwa na mji mkavu chini ya milima, ukiitwa Dhatul-Hajari, yaani mji wenye mawe. Jina hilo halikuwasingizia. Mawe walikuwa nayo ya kila namna, ila maji hawakuwa nayo. Waliyafuata katika bonde la mbali, wakiondoka jua linapochomoza na kurudi limeshawaka, viriba vimejaa juu ya migongo ya punda. Maji hayo yalikuwa ya kunywa na kupikia tu. Kwa ajili ya sala walitayamamu kwa mchanga, wao na baba zao na babu zao.

Katika mji ule alikuwako kijana aitwaye Shuraihi bin Nuumani, mshona viriba. Mama yake alikuwa mwanamke mcha Mungu, na maisha yake yote alitamani jambo moja, atawadhe kwa maji mbele ya msikiti wao walau mara moja. Akafa hajalipata. Baada ya siku arubaini Shuraihi akamwota. Alimwona amechutama mlangoni pa msikiti, maji yanatoka ardhini mbele yake, naye anaosha mikono taratibu kama mtu asiyeogopa kuwa yatakwisha. Kijana alipoamka alikuwa analia, na tangu siku hiyo hakutaka jambo jingine duniani ila kuyaleta maji yale.

Basi akafanya kosa ambalo vijana wote hulifanya: akaisimulia ndoto yake barazani. Wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akamwambia, "We Shuraihi, unashona viriba, halafu unataka maji yaje yenyewe? Utakula nini?" Lakini kicheko kilichomchoma kuliko vyote kilikuwa cha Bi Rababu, mjane aliyekaa nje ya mji, upande wa milimani. Huyu peke yake alikuwa na kisima, kidogo, cha ndoo kumi kwa siku, kinamtosha yeye na mbuzi wake na msafiri apitaye njia. Alikuwa amekuja kushonewa kiriba. Akasema, "Mwanangu, siku maji yatakapotoka hapo msikitini, mimi nitacheza mbele ya imamu na bakora yangu hii." Watu wakazidi kucheka. Shuraihi akainamisha kichwa akaendelea kushona, na neno lile likamkaa rohoni.

Hakukata tamaa. Aliuza ngozi zake, akafunga safari ya siku ishirini na tatu mpaka nchi ya wachimba mifereji, akajisalimisha kwa bingwa wao, Fundi Jundabu, mzee mkali mwenye jicho moja. Msidhani alipokewa kwa shangwe. Mwaka wa kwanza mzima alibeba udongo. Mwaka wa pili akaruhusiwa kushika taa. Wa tatu ndipo alipopewa sululu, na siku hiyo alifurahi kama bwana harusi.

Akajifunza elimu ile ya ajabu: namna ya kuyatafuta maji mlimani, kuchimba shimo refu mpaka uyaone, kisha kuyaongoza chini kwa chini, mwendo wa nusu siku, katika mfereji wenye mteremko mdogo mno, kiasi kwamba tone la mafuta ukilitia juu ya ubao hufikiri kwanza kabla halijateremka. Akajifunza pia adabu za kazi. Katika nchi zile kila kisima kina harimu yake, dhiraa arubaini kila upande, na hapana ruhusa kwa mtu mwingine kuchimba ndani ya mpaka huo. Fundi Jundabu alilishikilia sana jambo hili. "Usiipime harimu kwa juu tu," alimwambia. "Mwombe mwenye kisima ruhusa, ushuke mwenyewe, uone kimechimbwa kuelekea wapi. Watu wa zamani walikuwa wakitoboa ubavuni wakifuata maji." Shuraihi akajibu, "Nimesikia, fundi." Na kwa kweli alisikia.

Baada ya miaka saba akarejea kwao, ndevu zimejaa, mikono imekuwa migumu kama kwato. Safari hii hawakumcheka. Wakamwona alivyopima, alivyonusa udongo, alivyotabiri maji yako kina gani na yakawa hapo hapo, basi wakashika makapu wakamsaidia. Walichimba miaka minne. Mfereji ukateremka kutoka mlimani, na njia yake ikapita karibu na kisima cha Bi Rababu.

Hapo ndipo alipotakiwa kupiga hodi. Alisimama mbele ya ua wa yule mama, kamba mkononi, akakumbuka bakora na kile kicheko. Ilimwia vigumu kwenda kuomba ruhusa kwa mtu aliyemcheka. Akapima kwa kamba kutoka mdomo wa kisima, dhiraa arubaini kamili, akaongeza mbili za tahadhari, akajiambia, "Harimu yake nimeiheshimu. Atayaona maji yakifika." Akachimba, akapita.

Yakafika. Siku ile, ndugu zangu, mji mzima ulitoka. Wazee walitia mikono majini wakalia kama watoto. Imamu alitawadha mara tatu, na udhu wake wa kwanza haukuwa umetenguka. Shuraihi alisimama pembeni, akamkumbuka mama yake, machozi yakamlenga. Lakini nikwambieni kweli, hakumkumbuka mama yake peke yake. Alikuwa ameshaagiza jiwe jeupe lichongwe kwa herufi kubwa, MAJI YA SHURAIHI BIN NUUMANI, akalisimamisha juu ya mdomo wa mfereji pasipoweza kupitwa na jicho la mtu. Na kila jioni alikuwa na shughuli ya kupita hapo.

Ikapita miezi mitano. Jioni moja akamwona Bi Rababu katika mstari wa watekaji, mtungi kichwani, bakora mkononi. Akastaajabu. Mwenye kisima anafuata nini kwenye mstari? Akamwendea, akamwamkia kwa heshima, akamuuliza.

"Kisima changu kimezeeka kama mimi, mwanangu," akajibu bila kinyongo. "Zilikuwa ndoo kumi, zikawa nne, sasa napata tope. Mungu akubariki wewe uliyetuletea haya."

Dua ile ilimwingia Shuraihi kama mwiba. Akarudi nyumbani. Alijua kwamba huenda ni mfereji wake unaokinyonya kisima kile, na hapakuwa na mwingine mjini aliyejua wala aliyeweza kujua. Bi Rababu mwenyewe alikuwa anamwombea dua. Angenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini maneno ya Fundi Jundabu yalimrudia moja moja, na mbele ya macho yake akamwona mama yake akitawadha. Akajiuliza, je, mama ametawadha kwa maji ya nani?

Asubuhi, baada ya kusali Alfajiri, akaenda kupiga hodi kwenye ua ule ule alioukwepa. "Mama, naomba ruhusa nishuke kisimani mwako." Bi Rababu akamruhusu. Akashuka, na chini kabisa akakuta tundu lililotobolewa ubavuni kuelekea upande alikochimba yeye. Akaweka sikio, akasikia maji yanatembea. Ili asibaki na shaka, akafanya kama wafanyavyo watu wa kazi ile: akamwaga katika tundu lile hina iliyokorogwa, rangi yake imeiva. Akapanda, akamwambia yule mama, "Hina hii ikitokea msikitini, basi maji ninayosifiwa kwayo ni yako." Kisha akaenda kungoja.

Alikaa mbele ya jiwe lake akiyatazama maji. Yakatoka meupe. Jua likapanda, meupe vile vile. Moyo ukaanza kumtulia, na akaona haya kwa namna ulivyotulia, maana alikuwa anaomba kisima cha mjane kiwe kimekauka chenyewe. Adhana ya Adhuhuri ikaadhiniwa. Watu wakaja, wakachutama kutawadha, imamu akiwa wa kwanza. Na hapo ndipo maji yalipogeuka. Yakaja na wekundu kidogo, halafu zaidi, mpaka imamu akainua mikono yake na watu wakaiona imekolea kama ya biharusi.

Wakaacha kutawadha. Wengine wakaanza kubishana kama udhu wa maji ya rangi unasihi au hausihi, maana hapakosekani watu wa namna hiyo. Mtu mmoja wa makamo, mwema tu, akamgeukia Shuraihi. "Bila shaka ni udongo mwekundu wa mlimani, sivyo, fundi?"

Tazameni mtihani ulivyo. Uongo hakuhitaji hata kuutunga, aliletewa tayari, umebaki wa kuitikia kwa kichwa. Miaka kumi na moja ya jasho ilikuwa mbele yake, na jina lake limechongwa juu ya jiwe. Shuraihi akasimama.

"Si udongo," akasema. "Ni hina, nimeimwaga mwenyewe asubuhi katika kisima cha Bi Rababu. Mfereji wangu unanyonya maji yake. Nilipima kwa kamba, sikushuka kuangalia, kwa sababu kiburi kilinizuia kumwomba ruhusa."

Maneno yakaanza. Imamu, Mungu amrehemu, akasema dhiraa arubaini zimetimia, na kadhi yeyote atamwacha huru. Wengine wakasema kwa sauti kubwa zaidi kwamba kizee mmoja hawezi kuunyima maji mji mzima, na atachotewa mtungi wake kila siku mpaka afe. Wakatumwa watu wamlete Bi Rababu, aulizwe kama anaridhia.

Akaja kwa bakora yake, akasikiliza yote. Akasema, "Mtungi mmoja unanitosha mimi. Lakini kisima kile alikichimba marehemu mume wangu, akaniusia nimnyweshe kila apitaye njia, iwe sadaka yake isiyokatika huko aliko. Miaka thelathini na moja hajapita msafiri na kiu. Sasa wakipita nawapa nini, na yeye nimwambie nini?" Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mimi sitaki ugomvi na mji. Lakini kuridhia siwezi. Si changu nikiridhie."

Shuraihi akageuka kuwatazama watu. "Mmesikia. Mji una haki ya jasho langu, nalo nitawapa. Hauna haki ya sadaka ya maiti." Akachukua sululu na udongo wa mfinyanzi na chokaa, akaingia mferejini, akauziba pale unapopita karibu na kisima. Ilipofika Alfajiri maji ya msikitini yalikuwa yamekatika.

Walimnunia. Waliokuwa wakimwita fundi wakarudi kumwita mshona viriba, na wengine waliacha kumjibu salamu. Akaanza upya peke yake, akizungusha mfereji mbali na kisima, ndani ya mwamba. Alichimba akatoa udongo mwenyewe, siku nyingine urefu wa shibiri moja tu. Ilipofika mwezi wa tatu, akasikia mtu anagonga kwa bakora mdomoni mwa shimo. Alikuwa Bi Rababu, amemletea mkate na maziwa ya mbuzi na kata ya maji ya kisima chake kilichokuwa kimeanza kujaa tena.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Na ufanye haraka. Mimi nina deni la kucheza ngoma, na miguu inazeeka."

Shuraihi akacheka mpaka akakaa chini. Alilibeba neno lile miaka yote kama tusi, kumbe lingeweza kuwa utani wa mama na mwanawe tangu siku ya kwanza. Kesho yake Bi Rababu akaja tena, na kesho kutwa pia. Watu walipoona ajuza anapanda kilima kila siku kumpelekea chakula mtu aliyewakatia maji kwa ajili yake, wakaona haya. Akaja mmoja na kapu, wakaja watatu, mwisho akaja imamu mwenyewe, kanzu ameipandisha mpaka magotini.

Baada ya mwaka mmoja na nusu maji yakatoka tena mlangoni pa msikiti. Yalikuwa machache kuliko ya kwanza, lakini hayakukatika. Bi Rababu akaletwa, na mbele ya imamu akainua bakora yake, akaizungusha mara moja, akatikisa bega, basi. Watu wakapiga vigelegele, na imamu akatazama pembeni huku anatabasamu. Kisha Bi Rababu akachutama kutawadha, Shuraihi akimshika mkono asiteleze, mahali pale pale alipomwona mama yake katika ndoto.

Alipomaliza kuosha uso na mikono, akatazama juu ya mdomo wa mfereji, akauliza, "Mwanangu, liko wapi jiwe lako jeupe?"

"Nililigeuza, mama. Maandishi yako chini," akajibu Shuraihi. "Watu walikuwa hawana mahali pakavu pa kukanyaga wanapoosha miguu. Hilo hapo umelikanyaga."

Mwenyezi Mungu awe radhi nao wote wawili. Sisi tuna ndoto zetu, na kuziendea si vibaya, hata zikitugharimu nusu ya umri. Ila tukiwa njiani tutazame ni ua wa nani tumeupita bila kupiga hodi, na tukikumbuka, turudi tukapige.