Sambaza Ndani ya Kilemba

Wahenga hawakuona haya walipotuachia methali isemayo mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba anayeificha shida yake kwa kuona aibu hapati msaada wa kuitatua. Mukandori wa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini aliona haimhusu. Yeye alikuwa ameshazaa wanne na kufunga duka la uzazi, kwa hiyo uchi wake angeuficha apendavyo.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwenye sauti iliyovuka mpaka kabla yake. Kila asubuhi alijitwika beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, akaenda kuwauza Goma, ng'ambo ya mpaka, pamoja na shoga yake Liliane. Biashara hiyo ndiyo iliyomvisha na kuwasomesha wanawe. Kisha hedhi ikaanza kwenda kombo, mwezi huu ipo, miezi miwili haipo, na nyuma yake likaja joto. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likatua usoni, naye akaiva kama nyanya wakati wenzake wamejitanda vitenge kwa baridi.

Siku moja joto hilo lilimfumania mahali pabaya. Mpakani, kwa hofu ya maradhi ya kuambukiza, wauguzi walikuwa wakimpima kila mpitaji. Kipimajoto kikaelekezwa kwenye paji la uso la Mukandori, kikalia. Akakalishwa kando huku foleni nzima ikimkodolea macho, akapumzika, akapimwa tena, akaruhusiwa kupita. Hakuwa na ugonjwa wowote. Lakini pembeni palikuwa na hema jeupe la kuwatenga wagonjwa, naye akaamini kwamba safari ijayo atalazwa humo, na watu wa miji miwili wapate la kusema. Tangu siku hiyo hakuvuka tena. Beseni lake likabebwa na Liliane.

"Mama Belise, uko na shida gani?" Liliane alimuuliza.

"Goti tu, dada. Goti ya kuume."

Basi ikambidi achechemee. Uongo una kazi nyingi, na Mukandori hakujaliwa kumbukumbu. Sokoni alichechemea kwa mguu wa kuume, kanisani kwa wa kushoto, na alipomwona mbuzi akila mboga zake alikimbia kwa miguu yote miwili.

"Ile goti yako inatembea kuliko wewe," Liliane akamwambia.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Mumewe Wenceslas, karani mstaafu, alikuwa mtu wa baridi, aliyelala na sweta na soksi na kufunga kila dirisha. Mukandori akahamia chumba cha watoto akisingizia kwamba mumewe anakoroma. Mchana mmoja Wenceslas aliingia jikoni akaikuta friza iko wazi, kichwa cha mkewe kimo ndani.

"We, unafanya nini humo?"

"Nahesabu sambaza."

"Unahesabu na uso?"

"Bon, basi tuache hayo, Baba Belise."

Wenceslas aliyaacha, lakini moyoni hayakumwacha. Mwanamume ambaye mkewe amehama chumba hujiuliza maswali, na majibu anayojipa mwenyewe si ya heri.

Hapo ndipo zilipofika habari za harusi. Belise, kifungua mimba wa Mukandori, angefunga ndoa katika kanisa moja mjini Goma siku ya Jumamosi. Sambaza wangeweza kubebwa na Liliane, lakini umama wa bibi harusi haubebwi na mtu. Mukandori alimwona binti yake kwa macho ya moyo akitembea kuelekea madhabahuni, kiti cha mama kikiwa kitupu, na mama mwenyewe akichungulia kutoka kwenye hema jeupe. Akalia. Angeweza kumwuliza muuguzi, au kumwambia Liliane, au hata mumewe. Badala yake alipiga moyo konde akatengeneza mpango wake peke yake.

Jumamosi asubuhi alivaa kitenge kipya cha vipande vitatu na kilemba kirefu kama mnara wa kanisa. Ndani ya kilemba, juu ya utosi, alikuwa amefunga sambaza waliogandishwa, ili paji lake lipoe mbele ya kipimajoto. Tena walikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, kitu ambacho Rwanda kimepigwa marufuku hata mtoto anajua. Aliupata Goma, akauficha siku nyingi chini ya godoro. Mtu akianza kuficha, haishii kwenye kimoja.

Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limekwisha kutoka. Liliane alikuwa mbele, Wenceslas nyuma na suti yake ya kijivu. Sambaza wakaanza kuyeyuka. Tone la kwanza likateremka kwenye shavu la Mukandori, la pili likalifuata.

"Unalia?" Wenceslas akauliza.

"Machozi ya harusi."

Wenceslas akanusa. "Machozi inanuka samaki?"

Kabla hajajibiwa, zamu yao ikafika. Muuguzi, kijana mpole aitwaye Niyigena, akaelekeza kipimajoto, akasoma, akakitikisa, akasoma tena. Akamtazama Mukandori kwa huruma kubwa.

"Mama, samahani. Mutu wa namba hii hasimamake kwa foleni. Analalaka mochwari."

"Mi niko muzima!" Mukandori akafoka, akatikisa kichwa kwa hasira. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kilemba kikalegea, mfuko ukateleza, na sambaza wa Ziwa Kivu wakammwagikia mabegani, kifuani na juu ya meza ya serikali. Mmoja akatua ndani ya mfuko wa koti la Wenceslas, akatulia humo kama leso.

"Yebaba we!" foleni ikapiga kelele.

"Na mufuko ya plastiki tena!" askari akasema, akiuokota kwa vidole viwili.

Mukandori alisimama akiwa maji kichwani na moto usoni, maana joto lenyewe nalo lilichagua dakika hiyo kuja. Hakubaki na cha kuficha. Akatoa sauti yake yote.

"Si homa! Ni umri! Hedhi imeniacha, joto imebaki na mimi! Mwanangu anaolewa leo, mukinitia ndani ya hema nitakufa na uchungu ya roho!"

Foleni ikamgeukia. Kisha mama mmoja mwenye trei ya mayai akasema, "Hata mimi." Mwingine nyuma yake akasema, "Mi nilijua nimerogwa." Lakini aliyemshangaza Mukandori ni Liliane.

"Dada, mwaka nzima mi nalalaka na kitambaa ya maji kwa shingo! Nikaogopa kukuambia. Nikasema, huyu atanicheka."

Foleni ikageuka baraza. Mmoja alimwambia aache pilipili na kahawa ya jioni, ndizo zinazochochea moto. Mama wa mayai akasema avae pamba, nguo nyepesi mbili badala ya nzito moja, avue ya juu joto likija. Bibi mmoja akasifu pombe ya ndizi, wakamzomea wote, kwa kuwa iliwahi kumpandisha mmoja wao moto hadi akavua viatu kanisani. Liliane akasema kilichomsaidia zaidi ni kutembea kando ya ziwa kila alfajiri, na kuvuta pumzi polepole joto linapoanza.

Niyigena, masikio yakiwa mekundu, akakohoa. "Mama, hii si ugonjwa. Ngozi inapata moto, inapita. Ungetuambia tu, ungekaa kidogo, tukupime tena. Lakini pita kwa kituo cha afya, kama usingizi inakosa, dawa iko. Na damu ikirudi kisha mwaka nzima bila hedhi, usingoje, kuja hapo hapo."

Akamkalisha kivulini, akampa maji ya kunywa, akampima. Namba ikawa ya mtu mzima mwenye afya yake. Lile hema halikutajwa hata kidogo, na askari akaishia kuuchukua ule mfuko wa plastiki.

Wenceslas alikuwa bado amesimama na sambaza wake mfukoni. "Donc, kumbe haikuwa mimi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mi nilidhani umenichoka."

Mukandori aliumia moyo kuliko alivyoumia kwa aibu yote ya asubuhi ile. "Nikuchoke wapi, Baba Belise? Nilichoka sweta yako."

"Leo nitafungua dirisha," Wenceslas akasema. "Mi nitaongeza soksi."

Walifika kanisani kwaya ikianza wimbo wa kwanza. Mukandori aliketi kwenye kiti cha mama, bila kilemba, akinuka ziwa. Belise alimwona, akatabasamu hadi shela ikatikisika. Katikati ya mahubiri joto likaja, na safari hii hakulificha. Akachukua karatasi ya nyimbo akajipepea waziwazi mbele ya wakwe zake. Mama wa bwana harusi, mwanamke mwenye maringo ya kutisha, akamwinamia sikioni.

"Mama mukwe," akanong'ona, jasho likimtoka chini ya poda, "pepea na huku kidogo."

Hakika mficha uchi hazai, hata kama ameshazaa wanne.