Abiria wa Lugendo

Mihayo, tajiri wa pamba, alitua kijiweni kwa waendesha baiskeli akiwa juu ya baiskeli mpya ya mashindano, kaptula imembana mapaja.

"Lugendo, tushindane mpaka mnadani. Nikishinda, mnanipisha hapa nijenge duka. Nikishindwa, baiskeli hii yako."

Lugendo aliitazama ile kaptula. "Sawa, bosi. Ila nina abiria wa kwenda huko huko. Nimbebe?"

"Beba hata ng'ombe."

"Na nitangulie kidogo?"

"Tangulia. Nitakupita kama upepo."

Lugendo alijikongoja na baiskeli yake kuukuu, akampakia abiria wake, bibi mnene aliyependa kukaa kwenye keria akitazama nyuma. Punde Mihayo akaja kwa kasi ya mshale. Ghafla akakata kona, akatumbukia kwenye shamba la mtama, baiskeli na yeye.

"Shikamoo, mama mkwe," sauti ikatoka mtamani.

"Marahaba, baba. Mbona umejificha?"

Mihayo akazidi kuinama. Kila alipochungulia barabarani, macho ya mama mkwe yalikuwa palepale.

"Mkwe wangu ana adabu," bibi alisema.

"Sana, mama," Lugendo alijibu, akikanyaga pedali taratibu. "Kwa kaptula ile, hawezi kukupita."