Amiri Aliyelaza Mkuki

Sogeeni jamani, ngano imefika. Zimwi liliziba njia ya kisima, mji ukashikwa na kiu. Sultani akamwamuru Mbwarali, amiri wa jeshi lake, alipige. Akalipiga, likawa kubwa kama nyumba.

"Piga tena!"

Akapiga, likawa kama kilima.

"Piga!"

Mbwarali akalaza mkuki chini. "Bwana wangu, nikate shingo ukitaka. Linakua kwa vipigo vyetu. Askari wangu siwapeleki tena."

Akawaketisha askari, wakaimba. Zimwi lilipokosa wa kupigana naye likanywea, likanywea, likanywea, hata likawa kama panzi, likaruka likaenda zake.

Sultani akainamisha uso. Akateka maji mwenyewe, akamnywesha amiri wake kwanza.

Ngano yangu nimeitua. Mwenye yake na ajitwike.