Mlezi wa Kisima cha Kapsoti

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Kesi hii haihitaji wakili. Yeyote anywaye maji anatosha kuiamua.

Katika Bunge la Kaunti ya Sirwet walikuwamo watu watatu wenye vipawa. Daktari Nyaboke, mkemia aliyepelekwa bungeni kwa mwaka mmoja ili awaeleze wawakilishi mambo ya sayansi, aliweza kutambua kisichoonekana ndani ya maji. Bwana Mulwale, karani wa kamati, alizijua kanuni za bunge kama vidole vyake. Mheshimiwa Tuwei, mwakilishi wa wadi ya Kapsoti, alijaliwa sauti: akisimama, hata waliosinzia hufumbua macho.

Huko Kapsoti aliishi Kimosop, mgane aliyekuwa akimlea peke yake binti yake wa miaka mitatu, Jerop. Miguu ya Jerop ilikuwa bado imenyooka. Watoto wengi wa jirani walikuwa na meno ya kahawia na magoti yaliyopinda, kwa sababu visima vya pale vina floridi nyingi. Serikali ya kaunti ikachimba kisima kipya. Ripoti ikasema maji ni safi. Alhamisi bunge lingepiga kura ya kukipitisha, na mwezi uliofuata Jerop angeanza kuyanywa.

Daktari Nyaboke aliisoma ripoti ile mara mbili, akaitilia shaka. Maji ya Kapsoti yawe safi kama ya mvua? Akafunga safari, akamuuliza mlinzi wa kisima chupa ya kupimwa ilijazwa wapi.

"Pale kwenye tangi la mvua, Daktari," mlinzi akasema. "Ya kisimani yalitoka na kutu. Niliona aibu kumpa mgeni aliyekuja kupima maji machafu."

Nyaboke akachota kisimani penyewe, akapima. Floridi ilikuwa mara nne ya kiwango salama. Lakini mtaalamu ni mgeni bungeni; haruhusiwi kufungua kinywa ukumbini.

Bwana Mulwale aliipokea karatasi yake ya vipimo, akakuna kichwa. Kamati ilikuwa imekwisha kufunga kazi, na ripoti mpya haipokelewi.

"Hii si ripoti mpya, Daktari," akasema mwishowe. "Hili ni sahihisho la ile ya zamani. Sahihisho hupokelewa mpaka dakika ya mwisho."

Akaipiga muhuri, akaiingiza kwenye orodha ya shughuli za Alhamisi bila kumwonyesha Spika. Lakini karatasi iliyo mezani haisemi mpaka mwakilishi aiulizie.

Mheshimiwa Tuwei alisimama. Hoja ilikuwa ya chama chake mwenyewe, na wakubwa wake walikuwa wakimtazama.

"Mheshimiwa Spika, karatasi namba tisa inasema nini?"

"Kaa chini, Mheshimiwa!" Spika akafoka.

"Nitakaa nikisomewa."

Wengine wakapiga meza, wengine wakazomea, naye hakukaa. Karatasi ikasomwa. Hoja ikaanguka, kisima kikafungwa, kingine kikachimbwa mlimani. Daktari Nyaboke akakipima mbele ya wanakijiji, maji yakaonekana salama. Angekosekana mmoja kati ya wale watatu, Jerop angekuwa anakunywa sumu.

Sasa sikilizeni. Sheria ya kaunti inasema watumiaji wa kisima watamchagua mlezi mmoja, si wawili, kwa miaka mitano. Mlezi husimamia upimaji wa maji. Saini yake hufungua bomba, saini yake hulifunga. Ni cheo chenye heshima, na wote watatu walikitaka. Kimosop, mwenyekiti wa kamati ya maji, akaitisha kikao.

"Daktari ndiye aliyegundua," akasema mama mmoja. "Apewe."

"Mama Chebet, mshahara wake unalipwa na watu wa ng'ambo, na mwaka wake unakwisha. Akikosa sumu kisimani, si ataitafuta kwenye chai yako ili aongezewe mkataba?" akadakia mzee mmoja.

Watu wakacheka.

"Basi Mulwale."

"Muhuri wa ripoti ya kwanza ulikuwa wa nani? Wake! Alituokoa sisi au alijiokoa?" akauliza mzee yule yule.

"Tuwei ni mtoto wetu."

"Na malori yanayotuuzia maji ni ya shemeji yake. Kisima kile kilipofungwa nani alicheka? Mkimpa kalamu, atafunga na hiki."

Hapo hakuna aliyecheka. Kura zikapigwa, zikagawanyika sawa kwa sawa. Wakamwambia, "Baba Jerop, wewe hujapiga. Amua."

Kimosop akawaendea wote watatu, mmoja mmoja, akauliza swali moja: "Kwa nini ulifanya vile?"

Nyaboke akajibu, "Kwa ajili ya watoto." Mulwale akajibu, "Kwa ajili ya watoto." Tuwei naye akajibu, "Kwa ajili ya watoto, ndugu yangu, unaniuliza?"

Jibu moja, vinywa vitatu. Kimosop akarudi nyumbani akiwa na shaka zaidi kuliko alivyotoka. Huenda wote walisema kweli. Huenda mmoja alisema uongo, naye huyo ndiye atakayeshika kalamu siku maji yatakapobadilika.

Fomu ya kumtaja mlezi iko mbele yake, ina mstari mmoja mtupu, na inatakiwa kesho asubuhi. Mtoto ni mmoja tu. Mama yake hayupo wa kushauriwa.

Haya, mliokaa hapa: ungekuwa wewe, ungemwandika nani, na kwa nini usimwogope?