Kitambaa Chekundu Saa Sita

Wapendwa, funikeni Biblia kidogo, tutazifungua tena. Ninyi watu wa Lushoto milima mnaijua. Mnaipanda na matenga ya kabichi kichwani, mnashuka, kesho mnapanda tena, na hakuna aliyewahi kuwapiga picha. Sasa nisikilizeni. Huko Italia kuna ziwa moja refu, vilima vimelizunguka pande zote, na watu wa huko wanapanda vilima hivyo bila mzigo wowote. Wanapanda ili waone mandhari, basi. Mama, usinitolee macho, ndivyo walivyo.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, mzaliwa wa milimani kama ninyi, aliyekwenda huko kufanya kazi ya kumtunza bibi mjane. Bibi huyo miguu ilikuwa imeshakataa kazi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa moja, ya rangi ya njano, ubavuni mwa kanisa. Juu, alikokaa bibi, karibu na dirisha la roshani, ilining'inia darubini ya marehemu mumewe.

Siku mwanamke huyu anaaga huku nyumbani, wenzake wa kwaya walimsema weee! "Anakwenda Ulaya kuogesha wazee." Maneno hayo yalimchoma. Akaapa moyoni, "Kule kuna vilele sita. Nitavifikia vyote sita, na watanikoma." Na kikundi cha kwaya alikuwa nacho kwenye simu. Mnakijua, si kile kinacholia hata tukiwa kwenye maombi?

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yake ya kupumzika. Jirani alikuwa akimletea bibi chakula saa saba, na yeye anabaki na siku yake. Alhamisi ya kwanza, akiwa anafunga kamba za viatu, bibi akamwita.

"Binti yangu, ukifika juu, saa sita kengele ya kanisa ikilia, angalia huku nyumbani."

"Sawa, bibi."

Alisema sawa. Nasi tunasema sawa, au siyo? Hakufika hata kona ya kwanza, alikuwa ameshasahau.

Lakini kupanda alipanda! Hapo sitamnyima haki yake. Njia yenyewe mawe matupu na mizizi, jasho linamtoka, wazungu wenye fimbo mbili mbili wanampita. Anajiambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nataka cha juu, acha niheme." Akahema hadi akafika. Kileleni kuna msalaba wa chuma, na chini ya msalaba kuna sanduku la bati lenye daftari. Desturi ya kule, kila anayefika anaandika jina lake na tarehe. Akaandika lake kwa herufi kubwa, likala mistari miwili.

Halafu akafanya nini? Vijana, mnajua. Akaligeuzia ziwa mgongo, akainua simu, akatabasamu, akajipiga picha na milima ya theluji nyuma yake. "Mwenzenu niko juu!" Akatuma, akaketi kusubiri majibu. Kengele ikalia huko bondeni. Je, hakuisikia? Aliisikia vizuri sana. Ila alikuwa na pongezi ishirini za kusoma.

Jioni bibi akamuuliza, "Uliona nini?"

"Theluji, bibi! Visiwa! Boti ndogo kama punje za mchele! Tazama picha."

"Na huku chini?"

"Aa, chini ni mapaa tu."

Bibi akamrudishia simu.

Alhamisi ya pili, kilele cha pili. Ya tatu akapanda na mvua ikamnyeshea. Ya nne kidole kilitoka malengelenge, akakifunga kitambaa akaenda hivyo hivyo. Huyo mwanamke hakuwa wa mchezo! Na kila Alhamisi akirudi anakuta kitambaa chekundu cha meza kimekunjamana kwenye kiti, kimejaa vumbi. Anakifua huku akinung'unika, "Bibi huyu amekuwa mtoto kabisa." Siku moja wakati wa kumwogesha akaona viwiko vya bibi vimevilia damu. "Nilijigonga," bibi akasema. Yakaishia hapo.

Alhamisi ya sita akakivaa kile kilima cha mwisho, kirefu kuliko vyote. Alikuwa ameshaandaa hata maneno ya kuwatumia wanakwaya. Kumbe juu kulikuwa na ukungu! Theluji hakuna, visiwa hakuna. Anainua simu, picha inatoka nyeupe kama shuka. Anajaribu tena, nyeupe. Akakasirika, akataka kulia. Ndugu zangu, mtu kapanda saa nne nzima, kapanda kwa ajili ya picha, na picha haipo!

Basi, ukungu ukapasuka sehemu moja tu, kule chini. Akaona paa la kanisa na nyumba ya njano. Na hapo hapo kengele ikaanza kulia, saa sita. Kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuangalia, akaangalia.

Kwenye roshani ya nyumba ile kulikuwa na kitu chekundu.

Kile kitambaa! Nani amekitandaza pale? Jirani haji mpaka saa saba. Ndani ya nyumba ile hayumo mtu mwingine ila mwanamke asiyeweza kusimama. Yale maneno ya Alhamisi ya kwanza yakamrudia yote, angalia huku nyumbani. Akafungua kanga yake kiunoni, akaipunga kwa mikono miwili, akaipunga kama mtu anayezama anayeomba mtumbwi. Na kule chini, kitambaa chekundu kikatikisika. Kikatulia, kikatikisika tena.

Hakusubiri. Aliteremka mbio, mawe yakimkimbia miguuni, hakusimama hata kunywa maji. Akaingia ndani anatweta.

"Bibi! Kitambaa kile nani alikitandaza?"

"Mimi."

"Na kiti chako hakivuki kizingiti cha roshani!"

"Viwiko vinavuka," bibi akasema. "Marehemu alipokuwa akipanda, saa sita nilitandaza kitambaa hiki. Akikiona anavua kofia. Hapo najua kafika salama, naye anajua nipo."

"Ina maana… hata zile Alhamisi tano?"

"Zote tano. Nilijiburuta nikiwa na darubini shingoni. Nilikuona vizuri sana, binti yangu. Ulikuwa umenipa mgongo."

Mwanamke akaketi sakafuni akalia. "Mbona hukuniambia tena?"

"Nilikuambia mara moja. Nikasema moyoni, akinikumbuka ataangalia."

"Nisamehe, bibi. Hata cha leo sina cha kukuonyesha. Picha sikupata, na nimekimbia bila kuandika jina kwenye daftari. Hakuna atakayeamini kwamba nilifika."

Bibi akamfuta machozi kwa kitambaa kile kile chenye vumbi. Akamwambia, "Leo ndiyo umefika. Zile tano ulipanda tu."

Basi, turudi huku kwetu Lushoto.

Wapendwa, sisi ni wapandaji. Simlaumu mtu kwa kupanda, Mungu mwenyewe ndiye anayetupa magoti. Wewe umesoma, umepanda. Wewe umepewa cheo, umepanda, hata kutembea kwako siku hizi tunakuona kumebadilika. Wewe unaimba mstari wa mbele, na jina lako limeandikwa kwenye kila daftari la kanisa hili. Hongera! Lakini nikuulize, saa ile unapoinua simu na kutabasamu, mgongo wako umemwelekea nani? Mama yako akipiga, unasema, "Niko kikaoni, nitakupigia." Ulimpigia? Mwalimu aliyekubeba mgongoni kuvuka mto ukiwa darasa la pili bado yuko hai, pale pale kijijini. Mara ya mwisho ulimsalimia lini? Tunapenda theluji ya mbali sisi! Wa kwetu tunasema ni mapaa tu. Na chini ya paa moja kati ya hayo kuna mtu anatambaa kwa viwiko ili ajue kama umefika salama.

Na tusidanganyane, tusisubiri ukungu. Yule mwanamke aliangalia nyumbani siku aliyokosa kila kitu kingine. Sisi wengi ndivyo tunavyofanya. Kazi ikiisha ndipo tunakumbuka, ugonjwa ukitushika ndipo tunageuka. Lakini bibi huyo wako, ana Alhamisi ngapi bado?

Mimi nimeamua, leo sisemi amina kwanza. Saa yangu inaonyesha saa sita kasoro dakika moja. Mzee wa zamu, nenda ukashike kamba ya kengele. Ninyi wengine simameni, milango ifunguliwe, na kila mtu aelekee upande ule anakojua kuna mtu anayemngoja. Mzee, piga kengele. Nanyi geukeni.